NYANYA SI PAMBO LA KACHUMBARI

Wiki hii naingia na kapu, tena kapu lenyewe limejaa nyanya. Usikimbie ukadhani nimehamia ukurasa wa mapishi. Stori ni ya redio, ila bila nyanya haieleweki.

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala Temeke, naelekea zangu Kariakoo. Foleni ndo kama unavyoijua. Spika iko chini ya kiti, konda kaongeza sauti mpaka goti langu likawa linacheza lenyewe bila ya kuniomba ruhusa. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kuhesabu nyimbo. Ya kwanza, mwanaume. Ya pili, mwanaume. Ya tatu, wanaume watatu wanamgombea demu mmoja ambaye hakupewa hata nafasi ya kusema yeye anamtaka nani. Nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka ya tisa. Katika zote tisa, sauti ya kike iliingia mara moja tu, kwenye kiitikio, inaguna guna nyuma ya kaka mtu. Sauti ya mwanamke niliyoisikia kamili, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa ya tangazo la sabuni ya kufulia.

Sisemi kwamba huo ni utafiti. Nyimbo tisa za daladala moja hazimhukumu mtu. Lakini zilinikaa rohoni, maana nyumbani kwetu kuna kesi.

Mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka 17, anaimba. Najua kila mtu akiwa na mtoto nyumbani anasema mtoto wake anaimba. Huyu anaimba kweli, akianza bafuni majirani wanazima televisheni. Sasa kanifuata: “Mama mkubwa, wewe si unaandika magazetini, unajuana na watu wa redio. Nipeleke basi.” Mama yake alikuwa palepale anakuna nazi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaendelea kukuna, ila kwa nguvu zaidi. Na mimi najua kwa nini. Nitakwambia, lakini tuanze na nyanya.

MZUNGU NA SALADI YAKE

Nilishuka, nikachapa lapa hadi Mtaa wa Tandamti kwa mama yangu wa nyanya. Huyu mama nimenunua kwake miaka mingi, tangu enzi yuko pembeni kabisa ya soko kuu. Soko lilipoungua Julai 10, 2021, alihamahama kama wenzake, mara huku mara kule, lakini wateja tulimfuata. Pembeni ya tenga lake la nyanya huwa kuna karedio kadogo, betri zimefungwa kwa mpira.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo fungu au sado?”

“Sado mama. Halafu nina kisa cha nyanya, kimetoka Marekani.”

Nikamsimulia. Kule Marekani kuna muziki wanauita kantri, ule wa magitaa na kofia pana, ambao sisi wa zamani tuliuita muziki wa kikauboi. Una mamia ya vituo vya redio visivyopiga kitu kingine. Mwezi Mei 2015, mshauri mmoja wa redio hizo anayeitwa Keith Hill alihojiwa na jarida la watu wa redio. Akasema kituo kikitaka wasikilizaji wengi, kipunguze wanawake. Akafananisha: majani ya saladi ni waimbaji wa kiume, wanawake ni nyanya. Yaani nyanya ni za kuwekwa moja moja juu, zipendezeshe, zisizidi. Wasanii wa kike walivyochachamaa we acha tu, kasheshe ile ikapewa jina la nyanya mpaka leo.

Mama nyanya alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

“Mwanangu, mwambie huyo bwana aje hapa siku nyanya zimeadimika. Mji mzima unajua. Mchuzi wa nani huo usiotaka nyanya? Kachumbari bila nyanya si kitunguu kitupu na machozi?”

Jamani, kuna watu wanalipwa mamilioni kuwa washauri, na mwenye akili yuko Tandamti amekalia kigoda.

ENZI ZA MJOMBA

Msiniulize kantri inanihusu nini. Mimi nimekulia Mtaa wa Mchikichi, na pale nyumbani tulikuwa na mjomba aliyekuwa na redio ya National na kofia moja ya kauboi ambayo hakuna aliyewahi kujua aliitoa wapi. Jumapili baada ya pilau hakuna kuongea. Jim Reeves anaimba, mjomba kafumba macho. Kenny Rogers anaimba, mjomba anatikisa kichwa kama aliyetapeliwa yeye. Halafu anaingia Dolly Parton na Jolene yake ya mwaka 1973, na hapo hata mama na mashangazi wanatoka jikoni. Kiingereza hawakijui, ila walijua kabisa kwamba kuna mwanamke anamwomba mwanamke mwenzake asimchukulie bwana. Shida ya namna hiyo haihitaji mkalimani.

Wala si kwetu tu. Wenzetu wa Nairobi ndo wamezama kabisa, wana wasanii wao wa kantri, akiwemo dada Esther Konkara, Mkenya anayeipiga kantri na kofia juu.

Kwa hiyo mi nilikua naamini kantri ni muziki wa kinamama na wajomba sawasawa. Kumbe kule kwao akinadada wamekula msoto mrefu. Mwaka 1952 Kitty Wells alikuwa mwanamke wa kwanza aliyeimba peke yake kufika namba moja kwenye chati ya kantri, kwa wimbo uliowajibu wanaume wanaomtupia mwanamke lawama zote za ndoa kuvunjika. Mtandao mkubwa wa redio wa NBC ukaubania. Mwaka 1975 Loretta Lynn, mama aliyezaa mapema na kwa kufuatana, aliimba kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Vituo kibao vikagoma kuupiga. Na wauza pombe na wagoni wa kiume waliokuwa wanaimbwa miaka yote hiyo? Walipigwa kama kawaida.

Kisha njoo Machi 2003. Kundi la akinadada watatu, Dixie Chicks, lilikuwa juu kuliko wote. Mmoja wao, Natalie Maines, akiwa jukwaani London, akasema wanaona aibu kwamba Rais George W. Bush anatoka jimbo lao la Texas. Vita ya Iraq ilikuwa inakaribia. Nyimbo zao ziliondolewa redioni chapchap, na watu wakaitwa waje waziharibu CD zao hadharani.

Sasa sikia hesabu. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Jada Watson, alizipitia orodha za mwisho wa mwaka za nyimbo zilizopigwa zaidi kwenye redio za kantri za Marekani. Mwaka 2000, nyimbo za wanawake zilikuwa asilimia 33.3, yaani wimbo mmoja katika kila mitatu. Mwaka 2018 zilikuwa asilimia 11.3. Wenzetu tunaodhani wako mbele walikuwa wanarudi nyuma!

Na sababu ni mazoea. Kwa miaka mingi vituo vingi vilikuwa na kanuni isiyoandikwa ukutani: usipige wanawake wawili mfululizo. Ukimuuliza mhusika anakwambia wasikilizaji ndo hawapendi. Sawa bwana, lakini msikilizaji anapenda anachokijua, na anakijua kile ulichompigia. Humpigii, hajui, haombi. Haombi, wewe unasema hapendi, humpigii. Kama muuza duka asiyeleta unga, halafu anakwambia huku mtaani hawali ugali.

NA SISI JE?

Hapo mama nyanya akaniuliza swali: “Sasa na kwetu hapa?”

Kwetu hapa stori inaanza vizuri kuliko kwao. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza huku akiimba kuwaita wateja, mwaka 1928 alipanda meli na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi. Sahani zake zilivuka hadi pwani yote na bara, watu wakatamani gramafoni kwa ajili yake. Shaaban Robert akamwandikia kitabu kizima. Yaani tasnia ya kurekodi muziki wa Kiswahili ilisimamishwa na muuza vyungu. Mwanamke alikuwa chungu chenyewe!

Halafu ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, baadaye ikawa Redio Tanzania, RTD. Kwa Tanzania Bara redio ilikuwa hiyo moja mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi ikitaka kurekodi inakwenda Barabara ya Pugu, mashairi yanapitiwa kwanza na wakubwa, ndipo maikrofoni inawashwa. Na bendi za dansi zilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke alikuwepo sana, ila ndani ya wimbo: Mary, Zuhura, Asha, Maria, huyu kaniacha, yule kanitesa. Kuwa na jina kwenye wimbo ilikuwa rahisi kuliko kuwa na sauti kwenye wimbo.

Ndiyo maana Kida Waziri alipoingia Vijana Jazz miaka ya 1980, akisimama sambamba na marehemu Hemedi Maneti, watu walishtuka kwa raha. Walimwita Stone Lady. Kwa mara ya kwanza wengi tulimsikia yule anayeimbwa akijibu. Mama yangu alikuwa akimsikia Kida redioni anapunguza moto wa jiko ili mafuta yasimpigie kelele.

Upande wa taarabu, hapo bwana wanawake ndo wenye nyumba. Bi Shakila wa Tanga, aliyefariki Agosti 2016, aliimba na Black Star mpaka sauti yake ikawa saa ya ukutani ya miji ya pwani. Kisha ikaja miaka ya 1990, mipasho! TOT ya Kapteni John Komba, iliyoanzishwa 1992, na Muungano ya Norbert Chenga zilipambana, na silaha zilikuwa Khadija Kopa na Nasma Khamis. Mnaokumbuka mnakumbuka. Kumbi zilikuwa zinafurika, vitambaa vinapepea, noti zinatuzwa, na mtu akipigwa kijembe anajijua mwenyewe bila ya kutajwa.

Lakini angalia kwa jicho la sokoni. Sauti za akinamama ndizo zilikuwa zinauza tiketi, na vikundi vinaongozwa na wanaume, ala zinapigwa na wanaume, mashairi mengi yanatungwa na wanaume. Na redioni taarabu ilikuwa na vipindi vyake, imetengewa kona yake kama kiti maalum. Ikiisha saa yake, mlango unafungwa, wanarudi kaka zetu. Yaani nyanya zilikuwa na sahani yake peke yake, tena ya pembeni.

MWENYE UFUNGUO

Katikati ya miaka ya 1990 redio binafsi zikaja, Radio One na nyinginezo, na mwishoni mwa miaka hiyo Clouds FM. Vijana wa mjini tukadhani sasa mambo ni bomba, kila mtu atasikika. Bongo Fleva ikapaa. Akinadada wakajitosa, Zay B na Sista P wakashusha vesi mpaka mabishoo wakafunga midomo.

Sasa hebu nikupe jambo nililoligundua nikiwa nasubiri chenji yangu ya nyanya. Chukua majina ya wanawake waliotoka kweli kweli. Lady Jaydee, yaani Judith Wambura, aliyetoa albamu ya Machozi mwaka 2001: alikuwa mtangazaji wa redio. Ray C, Rehema Chalamila, aliyetamba na Mapenzi Yangu mwaka 2003: alikuwa mtangazaji wa redio. Vanessa Mdee, albamu ya Money Mondays mwaka 2018: alianzia kwenye utangazaji. Umeona? Walikuwa tayari ndani ya nyumba. Hawakusimama getini na bahasha ya CD wakimsubiri mlinzi ajisikie vizuri.

Hilo halipunguzi vipaji vyao hata nukta. Jaydee angeimba hata akiwa amefunikwa blanketi ungeacha chakula. Ninachouliza ni: wale wenye sauti kama hiyo ambao hawakuwa na kiti studio, wako wapi?

Na hata kuwa ndani si kinga. Mwaka 2013 Jaydee aliingia kwenye mvutano wa hadharani na wakubwa wa redio, mpaka shauri likafika mahakamani Kinondoni. Nani alikuwa sahihi si kazi yangu kuamua. Mimi niliona jambo moja tu: kama mwanamke mwenye jina kubwa namna ile anaweza kufika mahali akaona mlango umefungwa, yule wa Buguruni asiye na jina atabisha hodi wapi?

Mwingine ni Zuchu. Mwaka 2020 alisainiwa WCB ya Diamond Platnumz, na sasa ni moja ya sauti kubwa kabisa. Unajua mama yake ni nani? Khadija Kopa huyo huyo wa mipasho. Kipaji kimerithiwa, hilo halina ubishi. Ila safari hii nyuma ya binti kuna watu wenye redio yao na televisheni yao. Na kwenye dansi, Luiza Mbutu alisimama mbele ya African Stars, Twanga Pepeta, miaka nenda rudi. Nani alikuwa mwenye bendi? Asha Baraka, mwanamke. Mnaanza kunielewa?

Mwanamke anasikika pale ambapo yeye au wa upande wake ameshika ufunguo. Anayekosa ufunguo anaambiwa wasikilizaji hawampendi.

Kuna aliyepenya bila ufunguo, nisije nikaonekana nadanganya. Saida Karoli, kutoka Kagera, alikuja mwaka 2001 na Chambua Kama Karanga, anaimba Kihaya na ngoma za nyumbani. Hiyo ndo kantri yetu halisi, muziki wa shamba ulioingia mjini na kanga kiunoni. Mjini hapa hakukuwa na harusi bila Saida. Wanaosema watu hawataki sauti ya mwanamke, tena kwa lugha wasioielewa, Saida aliwajibu bila ya kugombana. Kisha mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaufanyia kazi upya wimbo ule, wakauita Salome, na redio zikaupiga tena usiku na mchana.

Marekani nako yametokea yanayofanana. Tracy Chapman, dada mweusi, aliimba Fast Car mwaka 1988. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanaume wa kizungu wa kantri, akaurudia. Redio za kantri zikaupandisha hadi namba moja, na Chapman akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na wimbo wa namba moja redioni humo alioutunga peke yake. Furaha ndiyo, hongera ndiyo. Lakini si ajabu kidogo kwamba wimbo ulisubiri miaka 35 mpaka upate sauti ya kiume ndipo mlango wa kantri ufunguke?

KESI YA NYUMBANI

Sasa nirudi kwa mdogo wangu na nazi yake.

Mwaka 2004 mdogo wangu alikuwa na miaka 22 na wimbo mmoja. Mama yetu aliuza doti za kanga Mtaa wa Kongo mwezi mzima kupata hela ya studio. Wimbo ukatoka mzuri, nakwambia ukweli wa Mungu. Akaubeba kwenye bahasha ya kaki, akaenda kituo kimoja cha redio, jina nimelihifadhi. Mtangazaji mmoja akausikiliza, akausifu, akamwambia: “Ngoma kali. Ila hizi kazi haziongelewi hapa. Njoo jioni,” akamtajia gesti.

Hakwenda. Alirudi nyumbani na bahasha yake, akavua viatu, akalala saa kumi na moja jioni jua likiwaka. Wimbo haukupigwa hata siku moja. Mwaka uliofuata akajifunza kusuka. Leo ana saluni yake Magomeni, ana wateja, anaheshimika. Anaimba akisuka, na wateja wanasinzia kwa raha. Hakuwahi kumwambia mtu nje ya familia, na hiki ninachokiandika kakiruhusu yeye.

Kwa hiyo binti aliposema “mama mkubwa nipeleke”, mama yake hakumsikia mtoto. Alimsikia yule bwana wa gesti.

Wakaka mnaosoma hapa msinune. Najua nanyi mnabaniwa. Najua kuna kijana kaacha hela ya soda mapokezi mpaka soda zingejaza kreti, na ngoma yake haijapigwa. Lakini wewe unaombwa hela. Dada yako anaombwa mwili wake, halafu akikataa tunaambiwa wanawake hawana juhudi.

NILICHOMWAMBIA

Usiku wa Jumamosi hiyo tulikaa watatu, mimi, mdogo wangu na binti, nyanya zinachemka jikoni. Nikamwambia binti mambo manne, nawe mdogo wangu unayesoma huku una wimbo kwenye simu, yachukue.

La kwanza, mchana kweupe. Kazi ya redio inaongelewa ofisini, mlango wazi, na mtu wako pembeni. Akikwambia njoo jioni, hiyo si kazi. Na tangu mwaka 2007 sheria ya kupambana na rushwa inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Mdogo wangu mwaka 2004 hakuwa na namba ya kupiga. Wewe unayo.

La pili, wimbo ni wako, uandike. Dolly Parton alipotunga I Will Always Love You, Elvis Presley alitaka kuurekodi, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly alilia, akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu, dunia ikasimama, na mshiko ukamfuata Dolly mlangoni. Kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na kuna COSOTA. Sajili kabla hujamgawia mtu. Usije ukauza tenga zima kwa bei ya fungu.

La tatu, siku hizi redio si mlango pekee. Simu yako inafika mbali kuliko mnara wa mtu. Lakini usidanganywe kwamba redio haina kazi tena. Dereva wa daladala, mama nyanya, fundi cherehani, mlinzi wa usiku, wote hawa wako redioni. Bado tunaihitaji, ndo maana tunaidai.

La nne si la binti, ni letu sisi wasikilizaji. Februari 2024 msikilizaji mmoja wa Oklahoma alikiomba kituo chake cha kantri kipige wimbo mpya wa Beyoncé, Texas Hold 'Em. Akajibiwa kwamba wao hawampigi Beyoncé, wao ni kantri. Watu wakaandika barua pepe kwa wingi, kituo kikaupiga wimbo upesi. Muda si mrefu Beyoncé akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chati ya nyimbo za kantri, na Februari 2025 akachukua Grammy ya albamu bora ya kantri na ya albamu bora ya mwaka. Kwenye albamu hiyo alimweka bibi Linda Martell, aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Grand Ole Opry mwaka 1969, kisha akasahaulika. Barua pepe za wasikilizaji zilifanya kazi iliyowashinda washauri.

Sisi tuna mazoea ya salamu. Tunatuma salamu redioni kwa mashemeji na majirani hadi kwa waliolala hospitali. Basi ukituma salamu, omba na wimbo wa mwanamke. Akimaliza, mwingine aombe mwingine wa mwanamke, tuone kama mitambo italipuka.

Binti alisikiliza yote. Mama yake alikuwa kimya kama kawaida. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki imechakaa pembeni. Ile ile. CD bado imo ndani.

“Jumatatu saluni haifunguliwi,” akasema. “Tutakwenda wote watatu. Saa nne asubuhi.” Halafu akamgeukia mwanawe: “Na wewe ukiimba usiniimbie puani.”

Jumatatu ninayoisema ni hii inayokuja. Jana nilipita tena Tandamti kuongeza nyanya, nikamwambia mama yangu tunakokwenda. Akachagua nyanya moja kubwa, nyekundu, ngumu, akanitilia juu ya sado bila ya kuipima.

“Hii mpe mtoto. Mwambie huku tunasikiliza.”

Kisha akageuza kitufe cha karedio kake, akaongeza sauti.